Mzigo wa Mwenzio

Wahenga wetu walituachia methali isemayo kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeubeba anajua uzito wake. Anayetazama kwa mbali huuona mwepesi, na kwa hiyo haoni sababu ya kukimbilia kumtua mwenzake. Katika insha hii nataka kuuzungumzia mzigo mmoja ambao nimeuona ukibebwa kwa miaka mingi mbele ya macho yangu, na ambao aghalabu hatuuoni hata kama usufi, kwa sababu hatujui kuwa upo. Ni mzigo wa mwanachuo anayeuguza au anayelea huku akisoma.

Sina maana ya mwanafunzi anayesomea uuguzi. Namsema kijana aliyechaguliwa kusomea sheria, uhandisi au ualimu, ambaye baada ya kipindi cha mwisho haendi maktaba, bali hupanda daladala mbili kwenda kumwogesha baba yake aliyepooza. Namsema mama kijana mwenye mtoto mchanga. Namsema mkubwa wa nyumba isiyo na wazazi, ambaye fedha zake za kujikimu, zile ambazo wanachuo huziita bumu, ndizo unga na ada za wadogo zake. Lugha yetu ina maneno mazuri kwa kazi yenyewe: kulea, kuuguza, kutunza. Lakini kwa mwanachuo anayezifanya kazi hizo haina jina moja, na jambo lisilo na jina ni vigumu kuliwekea fungu katika bajeti au kifungu katika kanuni.

Swali langu ni hili: chuo kikuu kinawiwa nini na mwanafunzi wa namna hii? Je, kinawiwa huruma tu, ambayo mwenye moyo ataitoa na asiye nao ataacha? Au kinawiwa haki? Na kama ni haki, je, kumpa yeye haki hiyo si kuwadhulumu wenzake?

Ili tusijadili hewani, nieleze shauri moja. Nilipokuwa bado nafundisha, alinijia binti mmoja wa mwaka wa pili ambaye mahudhurio yake yalikuwa yameshuka chini ya kiwango kinachomruhusu mtu kufanya mtihani. Mama yake, mjane, alikuwa amepatwa na kiharusi. Kaka zake wawili walikuwa mikoani. Mmoja ana mke na watoto, mwingine hajulikani alipo. Aliyasema hayo bila kulia, akitazama sakafu, kisha akauliza kama barua ya daktari ingetosha. Barua aliyokuwa nayo ilieleza ugonjwa wa mama yake. Kanuni ilitaka barua inayoeleza ugonjwa wa mwanafunzi. Kwa mujibu wa kanuni, mgonjwa alikuwa mtu mwingine, na yeye alikuwa mzima wa afya.

Msomaji ambaye hajapata kuuguza anaweza kudhani kwamba kazi hiyo ni kukaa kando ya kitanda na kushika mkono. La hasha. Katika hospitali zetu nyingi wauguzi ni wachache, na ndugu ndiye huleta uji asubuhi, hufua shuka, hukimbilia duka la dawa na cheti mkononi, na hushika zamu ya kumsaidia mgonjwa kwenda haja. Mgonjwa akiruhusiwa kurudi nyumbani, wodi yote inahamia kwa huyo ndugu. Aliyepooza lazima ageuzwe kila baada ya saa chache, usiku na mchana, asije akapata vidonda vya mgongo. Lazima alishwe polepole asipaliwe. Mtu anayeamka mara tatu usiku kumgeuza mama yake, halafu saa mbili asubuhi akaketi kusikiliza mhadhara, anakuwa darasani kwa mwili tu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nilikuwamo katika kikao kilichojadili shauri la binti huyo. Mwenzangu mmoja, mtu mwadilifu ambaye sikupata kumwona akimwonea mwanafunzi, alisema kwamba sheria ni msumeno. Hukata mbele na nyuma. Akaeleza hoja yake vizuri. Wapo wanafunzi mia mbili katika kozi ile, akasema, na kila mmoja ana lake nyumbani. Tukimlegezea huyu, wale waliojikaza na kuhudhuria tutawaambia nini? Na siku binti huyu atakapopewa darasa la watoto hamsini, je, wale watoto watapata mwalimu aliyehitimu au mwalimu aliyehurumiwa? Ni nani kati yetu angependa kupasuliwa na daktari aliyepitishwa mtihani kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa?

Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Mimi pia nisingependa daktari huyo anishike. Lakini nilivyoipima niliona kwamba imefunga mambo mawili katika furushi moja. Jambo la kwanza ni kiwango, yaani mtu anajua nini na anaweza kufanya nini. Jambo la pili ni ratiba, yaani alijifunza siku gani, saa ngapi, na akiwa ameketi wapi. Kiwango ndicho kinachomlinda mgonjwa wa kesho na mtoto wa darasani. Ratiba tumejipangia wenyewe kwa kufuata idadi ya vyumba na nafasi za wahadhiri. Anayeomba kupunguziwa maksi anaomba tuuguse ukweli wa shahada. Anayeomba kuhamishiwa semina ya asubuhi badala ya ya jioni anaomba tuguse karatasi iliyobandikwa mlangoni. Binti yule hakuomba maksi hata moja.

Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, aliliona tatizo hili zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Sheria, alieleza, husema kwa ujumla, lakini mambo ya binadamu hayana ujumla wa kutosha. Kwa hiyo inahitajika haki ya namna nyingine ya kuirekebisha sheria pale ambapo ujumla wake umeikosesha. Akatoa mfano wa waashi wa kisiwa cha Lesbos, waliotumia rula ya madini ya risasi. Rula hiyo ilijipinda kufuata umbo la jiwe. Ukiitazama haraka utasema rula inayopinda haina maana. Lakini mwashi hakuitumia ili kudanganya. Aliitumia kwa sababu mawe yake hayakuwa yamenyooka, na ukuta ulitakiwa usimame.

Kwa hiyo, kuwatendea watu sawa si lazima kuwatendea vilevile. Mwanafunzi asiyeona tunampa maandishi ya nukta nundu na muda zaidi katika mtihani, na hakuna anayelalamika kuwa amependelewa, kwa sababu sote tunaona kwamba karatasi ya kawaida kwake ni ukuta, ingawa kwetu ni mlango. Mwenye kuuguza naye amekuta ukuta. Tofauti ni kwamba ukuta wake uko nyumbani, mahali ambapo sisi hatufiki.

Hapo ndipo hujitokeza jibu la pili, ambalo husemwa kwa sauti ya chini: upofu haukuchaguliwa, lakini kuuguza ni hiari. Angeweza kumwachia mtu mwingine. Angeweza kuajiri msichana wa kazi. Angeweza kuchagua masomo.

Katika kuitafakari hoja hii nimekuwa nikimkumbuka mwanafunzi mmoja ambaye habari zake zinajulikana dunia nzima ingawa jina lake halikutajwa. Mwezi Oktoba 1945, mjini Paris, Jean-Paul Sartre alitoa mhadhara ambao baadaye ulichapwa kama kitabu. Humo alimweleza kijana aliyemwendea kuomba ushauri wakati wa vita. Kaka yake kijana huyo alikuwa ameuawa katika mashambulizi ya Wajerumani ya mwaka 1940. Baba yake alikuwa ameelemea upande wa adui na alikuwa hapatani na mama. Mama alibaki na mtoto huyo mmoja wa kumliwaza. Kijana alitaka kutorokea Uingereza akajiunge na majeshi ya Ufaransa huru, lakini alijua kwamba mama yake aliishi kwa ajili yake, na kwamba akiondoka atamvunja. Sartre alionyesha kwamba dini, falsafa na hisia zote hazikuweza kumwamulia. Kisha akamjibu kwamba yu huru, na achague mwenyewe.

Watu wengi hulisifu jibu hilo kwa ushujaa wake. Mimi kila nikilifikiri huona kwamba linafaa kwa shida ile na si kwa hii yetu. Sartre hakuwa na uwezo wa kuyaondoa majeshi ya Wajerumani katika Ufaransa. Mtanziko wa kijana yule ulitengenezwa na vita, na mwalimu wake hakuwa na la kufanya ila kumwambia ukweli. Lakini mtanziko wa binti aliyeketi mbele yangu umetengenezwa na nani? Kiharusi kilitoka kwa Mungu, tuseme. Semina ya saa kumi na moja jioni haikutoka kwa Mungu. Ilitoka katika ofisi iliyo umbali wa hatua arobaini kutoka pale tulipoketi. Mtu akikujia na njia mbili zote mbaya, na moja ya njia hizo umeifanya mbaya wewe mwenyewe, si haki kumwambia kwa hekima kuwa yu huru kuchagua.

Na hiyo hiari yenyewe tuitazame vizuri. Hatukumlea binti huyu aione kuwa hiari. Tangu anajifunza kutembea aliambiwa kwamba mzazi hana mbadala, na kwamba radhi ya mama ni akiba. Jirani angemwita nani, kama angemwacha mama yake na kuja kusikiliza nadharia za elimu? Wala si majirani peke yao. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitambua familia kuwa ndiyo taasisi ya msingi ya kuwatunza wazee. Taifa limesema, kwa maandishi, kwamba kazi hii ni ya familia. Na familia haina mikono isipokuwa mikono ya watu waliomo. Sasa basi, ikiwa mkono mmoja wa jamii unamwagiza kijana amtunze mama yake, na mkono mwingine unamfutia mtihani kwa sababu alimtunza, hapo mwenye kosa ni nani?

Hata katika ajira mambo hayajanyooka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ilivyotungwa mwaka 2004, ilimpa mama aliyejifungua siku 84 za likizo yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ilimpa mfanyakazi siku nne kwa ajili ya ugonjwa au kifo cha mtoto wake, na kwa ajili ya kifo cha mwenzi wake au cha mzazi wake. Tazama, msomaji: kwa mzazi, siku hizo zilitajwa kwa kifo. Sheria ilimkumbuka mwana wakati wa kuzika, haikumkumbuka wakati wa kuuguza. Na mwanachuo, kwa kuwa si mwajiriwa, hata hizo siku chache hazikumhusu.

Nadhani chanzo kimojawapo ni picha ya mwanafunzi tuliyoirithi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwezi Oktoba 1961 kikiwa chuo kilichofungamana na Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kikasimama peke yake kama chuo cha taifa. Pamoja na mitaala tulirithi bweni, ukumbi wa kulia na ratiba ya kutwa nzima, na ndani ya hivyo vyote kulikuwa na mtu wa kufikirika: kijana wa miaka ishirini, mara nyingi mwanamume, ambaye amefuliwa, amepikiwa, na hana amtegemeaye. Mtu huyo hakuwa kijana wetu hata siku zile. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, waombaji walitakiwa wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, hivyo madarasa yakawa na watu wazima wenye ndoa na watoto. Idadi ya wanawake ikashuka, na baada ya muda mfupi sharti lile likalegezwa kwao. Mfano huo unanifundisha kitu: kanuni ileile, iliyoandikwa bila kumtaja mwanamume wala mwanamke, iliwaelemea wanawake, kwa sababu mwanamke akishaanza kazi na maisha hukabidhiwa watu wa kutunza, na walioitunga walipoliona hilo, waliirekebisha bila chuo kuanguka.

Kisha ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata tukaanza kuwapokea vyuoni vijana waliokuwa tayari wamekuwa baba na mama wa wadogo zao. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na watu wengi waliofungwa na nyumba zao wakapata njia ya kusoma bila kuhama. Hilo lilikuwa jambo jema sana. Lakini kuwepo kwa mlango huo hakutupi ruhusa ya kuufunga ule mwingine. Si kila fani inasomeka kwa masafa, na si haki kumwambia mwenye kuuguza kwamba nafasi yake ni huko peke yake.

Nirudi kwenye kikao. Uamuzi uliotolewa ni kwamba binti aahirishe mwaka. Wengi wetu tulitoka tukiwa tumeridhika, maana hakufukuzwa. Lakini kuahirisha kulikuwa na maana ambayo haikuandikwa katika muhtasari. Alipoteza chumba. Fedha za kujikimu zilisimama, wakati ule ule ambapo gharama za dawa zilikuwa zinapanda. Aliwaacha wenzake aliozoea kusoma nao. Na juu ya yote, uamuzi ule ulidhani kwamba ugonjwa ni kama mvua, kwamba ukisubiri chini ya mwembe utapita. Mwaka ulipita na mama bado alikuwa kitandani. Aliishi miaka mitatu mingine. Binti alirudi akiwa na mzigo uleule, mwaka mmoja nyuma.

Safari hii alifaulu kumaliza, na sababu yake ni ndogo hata naona haya kuieleza. Mhadhiri mmoja alimhamishia katika kundi la semina la asubuhi, saa ambazo jirani alikubali kukaa na mama. Mwingine alimruhusu kuwasilisha kazi zake kwa tarehe walizopatana mapema, na akazisahihisha kwa ukali uleule. Hakuna fedha iliyotoka. Gharama yote ilikuwa ni jina kufutwa katika orodha moja na kuandikwa katika nyingine. Leo ni mwalimu, na hakuna mzazi wa mwanafunzi wake anayeweza kuonyesha ni sehemu gani ya shahada yake iliyotolewa kwa huruma.

Je, basi tuseme mambo yalikwisha vizuri, na kwamba wema wa watu unatosha? Hapana, na hapa ndipo moyo wa hoja yangu ulipo. Wahadhiri wale wawili walikuwa watu wema. Lakini binti hakujua kabla kama ni wema. Ilibidi aende mlango kwa mlango akijieleza. Kila mlango ulidai asimulie upya habari za mwili wa mama yake, mambo ambayo mtu hamwambii hata shangazi. Mlango wa tatu ulimkatalia, na haukuvunja kanuni yoyote kwa kumkatalia. Hisani ni kitu kitukufu kwa anayeitoa, lakini kwa anayeitegemea ina uchungu wake: humfanya mtu mzima awe mwombaji, humlazimu kuwa na uso wa huzuni ili aaminike, na humfunga kwa shukrani isiyokwisha. Haki iliyoandikwa haihitaji machozi. Mtu hujaza fomu, huonyesha ushahidi mara moja, huondoka na kichwa chake juu ya mabega.

Ndiyo maana nasema mambo machache yaandikwe. Kwanza, kanuni ya ruhusa na ya mitihani itambue ugonjwa wa mtu anayetegemea mwanafunzi, siyo ugonjwa wa mwanafunzi peke yake. Pili, iwepo ofisi moja, kwa Mshauri wa Wanafunzi, itakayopokea na kutunza siri. Wahadhiri wapate tu maagizo ya kinachotakiwa, wasipewe habari za kitandani. Tatu, mwenye kuuguza au kulea apewe nafasi ya kwanza kuchagua kundi la semina na mahali pa mafunzo kwa vitendo, asije akapelekwa mkoa wa mbali wakati mgonjwa wake yuko hapa. Nne, anayeahirisha kwa sababu hii ahakikishiwe nafasi na fedha zake atakaporudi. Tano, pawe na chumba cha kunyonyeshea na mahali pa kuwaangalia watoto wadogo. Mwezi Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa ajili ya ujauzito waruhusiwe kurudi. Wapo watakaofika vyuo vikuu wakiwa na watoto, na itakuwa ajabu kumfungulia mtu lango la shule halafu tumfungie lile la chuo.

Kabla ya hayo yote, tuulize. Huko Uingereza, chombo kinachopokea maombi ya kuingia vyuo vikuu, UCAS, kiliongeza katika fomu za waombaji wa mwaka 2023 swali la kumwezesha mwombaji kueleza kama ana jukumu la kumtunza mtu. Swali moja tu, nalo mtu hujibu akipenda. Lakini mtu aliyeulizwa anajua kwamba wanaouliza wanatambua kuwa watu kama yeye wapo.

Najua pingamizi mbili ambazo sitaki kuzikimbia. Ya kwanza ni udanganyifu. Wahadhiri tuna utani wetu kwamba hakuna mtu anayekufa mara nyingi kama bibi wa mwanafunzi. Hufa kila muhula, na hufa karibu na mitihani. Waongo wapo na wataendelea kuwapo. Lakini kadi ya kliniki na barua ya serikali ya mtaa vinaweza kuthibitisha mengi, na mwongo akikamatwa aadhibiwe. Hatufungi zahanati kwa sababu wapo wanaojifanya wagonjwa.

Pingamizi ya pili inanisumbua zaidi. Katika miaka yangu yote, karibu kila aliyenijia kwa sababu ya kuuguza alikuwa binti. Wale kaka wawili wa mikoani hakuna aliyewaita kikaoni. Je, tukiirahisisha njia ya binti kuuguza huku akisoma, hatuwarahisishii pia kaka zake kukaa mbali? Je, hatumgongelei misumari penye kile kitanda? Nimelifikiri sana jambo hili. Kipimo ninachokipata ni hiki: tuutazame msaada unamwelekeza wapi. Kuahirisha bila mwisho kunampeleka nyumbani na kumwacha huko. Mahali pa kulelea watoto, semina ya asubuhi, chumba kisichopotea, hivi humrudisha darasani. Tuupendelee msaada wa aina ya pili, na tuutangaze kwa wavulana kwa sauti ileile, ili mvulana naye akose kisingizio. Hata hivyo sitadai kwamba chuo kinaweza kuzigawa upya kazi za nyumba ya mtu. Hilo ni deni letu wazazi, na tulilipe tungali wazima, kwa kuwafundisha watoto wa kiume kushika beseni.

Mwalimu Nyerere aliwahi kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake shibe. Asiporudi, ni msaliti. Tumekuwa tukiutumia mfano huo kuwakemea wasomi waliosahau walikotoka. Basi tunapompata mmoja ambaye hajasahau, ambaye anarudi kila jioni na chochote alicho nacho, itakuwa ajabu tukimwadhibu kwa kuchelewa asubuhi.

Nina sababu ya karibu ya kuyaandika haya. Mimi sasa nina miaka 72, na macho yangu yameanza kunikimbia. Mjukuu wangu, aliye mwaka wa kwanza, anakaa nami. Ndiye anayenitia dawa ya matone kwa saa zake na kunipeleka kliniki. Nimemwambia mara nyingi, "Nenda mama, babu hatakufa kwa kukosa matone." Hunijibu, "Haya babu," kisha husubiri mpaka saa ifike. Nimempa radhi zote nilizo nazo, lakini radhi ya mgonjwa haiwezi kuisogeza saa ya kipindi.

Juzi nilimsikia akiongea kwa simu na kiongozi wa darasa lao. Alikuwa anaomba msamaha kwa kuchelewa, na sababu aliyotoa ni foleni ya magari. Hakunitaja. Si kwamba ananionea haya, najua hivyo. Foleni ni sababu ambayo kila mtu anaielewa na hakuna anayeuliza zaidi, lakini babu angehitaji maelezo marefu na pengine barua. Ningependa, kabla sijaitwa, chuo chake kiwe mahali ambapo binti anaweza kusema ukweli mfupi kama ule, na ukakubaliwa upesi kama foleni.